Mkanda Hauushiki Mzigo, Sakafu Ndiyo Inayoushika

Mkanda wa kufungia mzigo ulioandikwa "tani 5" unaweza kushindwa kuuzuia mzigo wa tani 1. Mkanda wenyewe si bandia, haujachakaa, na utingo ameukaza mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Dereva anakanyaga breki ghafla kwa ajili ya mbuzi au bodaboda, mzigo unateleza kwenda mbele, na mkanda unabaki mzima, umelegea juu ya mzigo uliokwisha kuhama. Wanaokuja kutazama watasema utingo hakukaza. Mara nyingi kosa lilitangulia hapo: lilifanyika wakati wa kupakia, kabla mkanda haujatolewa chini ya kiti.

Ushauri huu ni kwa wenye pikapu, Kirikuu, Canter na Fuso, kwa madereva na utingo wao, na kwa yeyote anayekodi gari kuhamisha vyombo vya nyumba mwisho wa mwezi. Una jambo moja kubwa la kusema. Mkanda unaopita juu ya mzigo kazi yake ni kuugandamiza, ili sakafu ya gari iushike. Ni sawa na kuweka kiganja juu ya karatasi mezani: kiganja kinabana, na meza ndiyo inayoizuia karatasi isiende. Anayeielewa kazi hiyo hufunga kwa mikanda miwili kilichomshinda mwenzake kwa mitano.

Nguvu zinazousukuma mzigo

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, mzigo nao unakwenda kilomita 80 kwa saa. Breki zinashika magurudumu, haziushiki mzigo. Kinachoupunguzia mzigo mwendo ni msuguano kati yake na sakafu, pamoja na chochote kigumu kilichosimama mbele yake.

Kanuni za Ulaya na za Marekani kuhusu kufunga mizigo zinakubaliana juu ya makadirio haya: katika breki kali, mzigo husukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake. Kwenye kona husukumwa ubavuni kwa asilimia 50, na gari linapoondoka kwa nguvu huvutwa nyuma kwa kiasi hicho hicho. Mashine ya kilo 1,000, basi, inataka kwenda mbele kwa nguvu ya kilo 800. Hakuna kundi la vijana linaloweza kuizuia kwa mikono.

Kwetu kuna la ziada, nalo ni matuta. Gari linaporuka tuta, mzigo hupungukiwa na uzito wake juu ya sakafu kwa muda mfupi sana, na msuguano hupungua nao. Gari likiwa linapunguza mwendo au linapinda wakati huo huo, mzigo husogea kidogo. Kwenye njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa matuta ni mengi, na yale ya ndani ya hifadhi ya Mikumi yamewekwa kwa makusudi ili wanyama wavuke salama. Ukifika kwenye kona za mlima Kitonga, mzigo ulioondoka ukiwa katikati unaweza kuwa tayari umeegemea upande mmoja, na hapo ndipo mahali pabaya kabisa pa kuugundua.

Soma lebo, usisome maandishi makubwa

Mkanda uliotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Ulaya huwa na lebo iliyoshonewa. Lebo ya buluu ina maana mkanda ni wa poliesta, ndio ulioenea zaidi. Kijani ni nailoni, na kahawia ni polipropilini. Kwenye lebo hiyo tafuta namba mbili.

Ya kwanza imeandikwa LC. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ambayo mkanda unaruhusiwa kuvuta ukiwa kazini. Kwa mkanda wa upana wa milimita 50 mara nyingi utaona daN 2,500, na daN 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 1. Namba 5,000 ikionekana pembeni yake, inahusu mkanda uliozungushwa kwenye kitu hadi ncha zake zikakutana, yaani pande mbili zinagawana kazi. Hiyo ndiyo "tani 5" inayowapoteza wengi.

Ya pili imeandikwa STF, na ndiyo yenye faida kwako. Inaeleza mkanda unabaki umekazwa kwa nguvu kiasi gani baada ya mtu kuvuta kwa mkono mpini wa racheti, yaani kifaa cha kukazia mkanda. Kwa racheti za kawaida zenye mpini mfupi, namba hiyo huwa karibu 300. Yaani mkanda unaoweza kuvuta kilo 2,500 bila kudhurika, wewe kwa mkono wako unaukaza kwa kilo 300 tu.

Mikanda mingine inayouzwa madukani haina lebo hiyo. Imechapwa "5T" na basi. Haikuambii kama hiyo ni nguvu ya kufanyia kazi au ya kukatikia. Kwa kanuni za Marekani, nguvu ya kufanyia kazi ni theluthi moja ya nguvu ya kukatikia. Kwa hiyo mkanda unaokatikia tani 5 usiupe zaidi ya tani 1 na nusu. Ule ambao hauna maandishi yoyote uachie mizigo myepesi.

Hesabu ya jenereta

Tuseme jenereta la kilo 1,000 limewekwa katikati ya sakafu ya mbao, na mbele yake pako wazi. Breki kali italisukuma kwa kilo 800. Sakafu kavu ya mbao hushika takriban sehemu 3 katika kila 10 za uzito ulio juu yake, kwa hiyo hapa itashika kilo 300. Zimebaki kilo 500 zisizo na mwenyewe.

Sasa tupitishe mkanda juu. Umekazwa kwa kilo 300, na kwa kuwa unavuta chini kwa pande zote mbili, unagandamiza kwa kilo 600. Lakini sakafu hairudishi zote 600. Inarudisha zile sehemu 3 katika 10, yaani kilo 180. Mkanda wa "tani 5" umeongeza kilo 180! Kuzifikia zile 500 itahitajika mikanda mitatu, na kwa vile upande usio na racheti haukazwi sawasawa na upande wenye racheti, kwa sababu mkanda unakwama kwenye pembe za mzigo, funga minne au mitano.

Lisogeze jenereta hilo hilo mpaka liguse ukuta imara wa mbele ya bodi. Zile kilo 800 za kwenda mbele sasa ni kazi ya ukuta. Kilichobaki ni kulizuia lisiende ubavuni wala nyuma, kilo 500, na sakafu inashika 300. Mikanda miwili inamaliza kazi, na bado una akiba.

Au liache pale pale katikati, ila tandika chini yake vipande vya mpira mzito. Mpira safi na mkavu hushika hadi sehemu 6 katika 10. Sakafu peke yake sasa inashika kilo 600, na kila mkanda unaongeza 360 badala ya 180. Mkanda ni ule ule, mkono ni ule ule, nguvu imezidi maradufu kwa sababu ya kilichowekwa chini.

Kazi ya kabla ya mkanda

Anza kwa ufagio. Canter iliyobeba mchanga jana na leo inabeba makabati ya kutoka Keko ina punje za mchanga zilizobaki sakafuni, na kila punje inafanya kazi ya gurudumu dogo. Mafuta yaliyomwagika na tope la mvua ni vile vile. Kufagia bodi kunaweza kuongeza usalama kuliko kuongeza mkanda, na hakuna gharama.

Pili, pakia kuanzia mbele. Mzigo mzito ukae chini, uguse ukuta wa mbele, na unaofuata uguse ule wa kwanza. Nafasi zilizobaki katikati jaza mbao, magogo mafupi, tairi kuukuu au magunia yaliyojaa. Pengo la shubiri moja linautosha mzigo kupata kasi kabla haujagonga. Kama mzigo hauwezi kufika mbele kwa sababu ya mgawanyo wa uzito kwenye ekseli, pigilia ubao imara sakafuni mbele yake. Kumbuka kwamba kioo cha nyuma cha pikapu hakihesabiki kuwa ukuta.

Tatu, angalia uzani. Uzito ukiegemea nyuma sana, usukani unakuwa mwepesi. Ukiegemea ubavu mmoja, kona moja inatosha kuliangusha gari. Kwa malori makubwa kuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, inayoweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, pamoja na vikomo vya kila ekseli. Mzigo uliohama njiani unaweza kuzidisha ekseli moja ingawa jumla haijazidi, na mizani haitajali kwamba ulipoondoka ulikuwa sawa.

Sasa toa mkanda

Ndoano ishike mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo: pete za sakafuni, kulabu za pembeni mwa bodi, au chuma cha chasisi. Usishike bampa la plastiki, bomba la breki wala bawaba ya mlango wa bodi. Ndoano ikae yote ndani ya pete. Iliyoshika kwa ncha hufunguka au huchomoka gari linaporuka.

Unaporusha mkanda upande wa pili, mwite kwanza aliye huko. Ndoano ya chuma ikimpata mtu usoni, safari imekwisha.

Pitisha ncha ya mkanda kwenye mwanya wa mhimili wa racheti, kisha uvute kwa mkono mpaka ulegevu wote uishe. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaanza kupampu mkanda ukiwa bado umelegea, mhimili unajaa mizunguko mingi, na racheti inakwama kabla mkanda haujakaza. Unachotaka ni mizunguko miwili au mitatu tu kwenye mhimili wakati mkanda umekaza. Ukimaliza, lalisha mpini mpaka ujifunge. Usiuongeze urefu kwa bomba ili upate nguvu zaidi: racheti haikutengenezwa kwa hilo, na bomba likiteleza linavunja meno ya mtu. Badilisha pande za racheti pia: mkanda wa kwanza iwe kulia, wa pili kushoto, ili mkazo ulingane.

Angalia pembe ambayo mkanda unashuka nayo. Ukishuka wima, mkazo wake wote unagandamiza. Ukishuka kwa mlalo wa digrii 60, unapoteza kidogo. Kwa digrii 30, nusu ya mkazo imepotea. Mzigo mfupi katika bodi pana hufanya mkanda ulale karibu bapa, na mkanda bapa haugandamizi kitu. Hapo tafuta pete zilizo karibu na mzigo, au acha kufunga kwa juu na uushike mzigo wenyewe kwa mikanda ya pembeni inayovuta kwenda mbele na nyuma.

Idadi ya mikanda isitegemee macho. Kipimo cha Marekani ni rahisi kukumbuka: kitu kisichozidi urefu wa mita 1 na nusu wala uzito wa kilo 500 kinaweza kufungwa kwa mkanda mmoja; kikizidi urefu huo au uzito huo, miwili; na kikipita mita 3, ongeza mkanda kwa kila mita 3 zinazofuata au sehemu yake, isipokuwa kama mbele kimezuiwa. Aidha, nguvu za kufanyia kazi za mikanda yote zikijumlishwa zisipungue nusu ya uzito wa mzigo. Hicho ndicho kiwango cha chini. Kwa barabara yenye matuta, ongeza.

Mizigo yenye tabia zake

Nondo ndiyo inayohitaji heshima kuliko mizigo yote ya ujenzi. Chuma juu ya chuma hakishikani, mzigo wenyewe uko chini kiasi kwamba mkanda wa juu haubani vizuri, na hata ukizibana zile za nje, za katikati zinachomoka kama hazikufungwa pamoja. Fanya fungu kwanza: zungusha waya wa kufungia au mkanda kuzunguka fungu zima, sehemu tatu au nne, mpaka nondo zibanane zenyewe kwa zenyewe. Tandika mbao chini yake. Zilizokunjwa, elekeza kunjo mbele na ncha nyuma, kwa sababu ncha zikielekea mbele zinamlenga dereva mgongoni. Ncha zinazotokeza nyuma zivishwe kitambaa chekundu mchana na ziwekewe taa usiku.

Mabati yana makali yanayokata mkanda taratibu kila gari linapotikisika, na mkanda uliokazwa hukatika upesi kuliko uliolegea. Weka kipande cha tairi kila pembe ambapo mkanda unapinda. Mabati pia hupenywa na upepo: bati la juu likiinuka kidogo kwa mbele, upepo unaingia chini na kulibeba. Lalisha ubao mzito juu, karibu na ukingo wa mbele, na mkanda upite juu ya ubao.

Magunia hayatelezi kwa urahisi, ila hushuka. Mahindi yanajipanga upya kila tuta, rundo linapungua kimo, na mkanda uliokuwa umekaza Kibaigwa unaninginia Dodoma. Yapange kwa kupishana ili yashikane, na yale ya lumbesa yaliyofura juu usiyaweke tabaka la mwisho, maana yanabingirika. Turubai hulinda na mvua, halifungi mzigo.

Magodoro na vitu vyepesi vyenye eneo kubwa adui yao ni upepo. Mwendo ukitoka kilomita 40 kwenda 80 kwa saa, nguvu ya upepo haiongezeki mara mbili bali mara nne. Funga kwa upana na pia kwa urefu, kutoka mbele kwenda nyuma ya keria, na usome kitabu cha gari kujua paa linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Mkono wa abiria uliotokezwa dirishani kushikilia godoro hauhesabiki.

Pikipiki ndani ya pikapu ifungwe kwa mikanda minne. Gurudumu la mbele liguse ukuta, mikanda miwili ya mbele ishuke kutoka kwenye uma chini ya usukani na kuvuta mpaka shokomzoba zizame karibu nusu, miwili ya nyuma izuie kuyumba. Stendi ikunjwe juu. Ukiiachia isimame kwa stendi, tuta la kwanza litailaza.

Kamba na mpira vina nafasi yake

Si kila mtu ana mikanda, na kwa meza, vitanda na mabegi kamba nzuri ya manila inatosha. Ila ifunge kwa fundo la kuvutia: tengeneza kitanzi katikati ya kamba, pitisha ncha kwenye pete ya gari, irudishe juu ipite ndani ya kitanzi, kisha vuta kwenda chini na ufunge. Kitanzi kile kinazidisha nguvu ya mkono wako. Mkanda wenyewe, kwa upande mwingine, usiupige fundo kamwe. Fundo moja linaweza kuondoa nusu ya nguvu yake.

Mipira ya tyubu inayopendwa na bodaboda ni mizuri kwa kushikilia turubai na vifurushi vidogo. Kwa mzigo mzito haifai, kwa sababu tabia yake ni kunyumbuka, na mzigo mzito ukishaanza kusogea mpira unaufuata tu.

Kagua, fungua, tupa

Mzigo ukishafungwa, kamata mkanda katikati uutikise. Kisha simama baada ya kilomita chache za kwanza, mzigo ukishajipanga, ukaze tena. Kanuni ya Marekani inamtaka dereva akague ndani ya kilomita 80 za mwanzo, halafu kila baada ya saa 3 au kilomita 240 hivi. Kwetu foleni ya mizani, Vigwaza au Mikese, ni nafasi nzuri. Utingo ashuke na azunguke gari badala ya kulala.

Kufungua kuna hatari yake. Kabla ya kugusa racheti, zunguka gari na uangalie mzigo umeegemea wapi. Uliohama njiani unaweza kuwa unashikiliwa na mkanda huo mmoja, na ukiufungua unakuangukia. Simama pembeni, usisimame chini yake.

Mkanda una mwisho wake. Uliochanika pembeni, ulioungua kwa bomba la moshi, uliomwagikiwa maji ya betri, au uliopauka na kukakamaa kwa jua, ukate vipande ndipo uutupe, ili mwingine asiuokote na kuutumia. Racheti iliyopinda na ndoano iliyofunuka zifuate njia hiyo hiyo. Mizima ioshe kwa maji, ikauke kivulini, ikunjwe na kuwekwa ndani ya gari.

La mwisho linawahusu wenye mizigo. Haya yote, kufagia, kupanga, kujaza mapengo, kufunga na kukaza tena njiani, yanachukua muda, na anayeukata muda huo kwa kawaida ni mteja aliyesimama pembeni akitazama saa, au tajiri anayepiga simu kuuliza mbona gari halijatoka. Dereva hulipwa kwa safari, kwa hiyo atafunga kwa kadiri anavyoharakishwa. Ukikodi gari, hesabu muda wa kufunga kuwa sehemu ya nauli, na mwambie hivyo kabla hajawasha injini. Ukiwa mwenye gari, nunua mikanda yenye lebo na vipande vya mpira, kisha usimpigie simu mpaka yeye mwenyewe akwambie amekagua.